Kifua Chetu, Mimi na Koko

Ukishaambiwa una kifua kikuu, swali la kwanza linalokujia si kama utapona. Unajiuliza nani amekuambukiza. Nimewauliza wengi niliokaa nao benchi moja, na karibu wote walisema hivyo hivyo. Basi naanza na hilo, maana huenda wewe unayesoma haya umetoka hospitali leo, na kichwani unawapitia mmoja mmoja watu wote uliokula nao. Mimi jibu langu nililipata, ila halikunisaidia kama nilivyodhani lingenisaidia.

Naitwa Edissa, na kwetu ni Karagwe. Kanisa letu lilinituma nchi nyingine, mji wa Bunia, kuwafundisha kusoma na kuandika wanawake waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu na kujikusanya pembezoni mwa mji. Utaratibu wa kazi ile ni kwamba mgeni hapangi nyumba. Anakaa na familia, anakula wanachokula na kuchota maji wanakochota. Wakubwa wetu waliamini kwamba lugha na adabu za watu huwezi kujifunzia hotelini. Nilikubaliana nao, na baada ya yote yaliyonipata bado nakubaliana nao.

Familia iliyonipokea ilikaa pale nyumba zinapoisha na mashamba ya muhogo yanapoanza. Baba mwenye nyumba alikuwa seremala, na karakana yake ya milango na vitanda ilikuwa mtaa wa Lumumba, mwendo wa kutosha kutoka nyumbani. Mkewe, mzaliwa wa Butembo, aliuza unga wa muhogo sokoni. Mtoto wao mmoja, Berocan, alikuwa bado mchanga. Kabla yake mama alikuwa amepoteza mimba mbili, kwa hiyo alivyomshika mtoto yule ungedhani ameshika yai. Wazazi kule huitwa kwa jina la mtoto, nami niliwaita Papa Berocan na Mama Berocan. Wao walikuwa Wakatoliki, mimi Mprotestanti. Jumapili tuliachana mlangoni na kukutana tena kwenye chakula, na hakuna aliyeona shida.

Wa tano ndani ya nyumba alikuwa Koko. Hivyo ndivyo wanavyomwita bibi. Alikuwa mama mzazi wa Papa Berocan, mwenyeji wa upande wa Mahagi, kule kando ya ziwa, alikokausha samaki kwa moshi tangu usichana wake. Mumewe alipofariki, mwanawe alimleta Bunia. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, kwa hiyo mimi na Koko tulilala chumba kimoja, vitanda viwili vya mbao, katikati nafasi ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Dirisha lilikuwa moja, dogo, na Koko alilifunga kwa sababu ya baridi.

Koko alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha chini, cha taratibu, cha mtu aliyekizoea. Nilipomuuliza alicheka.

"Iko moshi ya samaki," alisema. "Nilipika samaki miaka mingi, sasa moshi inanipika miye."

Alikuwa mtu mwema. Asubuhi aliniwekea maji ya moto ya kuoga kabla sijaamka, na jioni alinirekebishia Kiswahili changu, akisema kinasikika kama cha redio. Kwa miezi yote ya kwanza nililala karibu naye vizuri, bila wazo lolote.

Nilianza kukohoa wakati wa kiangazi. Bunia wakati huo ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari, na kila mtu anakohoa, kwa hiyo sikujishughulisha. Kisha nikaanza kuamka na shuka limelowa jasho, na sketi zangu zikaanza kuzunguka kiunoni. Nilizibana kwa pini. Pini ikawa mbili. Chakula kilinichosha kabla sijakimaliza. Darasani niliandika neno ubaoni na kukaa chini nipumzike. Wanafunzi wangu, watu wazima walioona mengi kuliko mimi, waliningoja, na pole pole wale wa mstari wa mbele wakahamia nyuma.

Mama Berocan ndiye aliyenishika mkono. Tulikuwa tunatoka kisimani, mimi nimebeba bidoni ndogo ya maji, nikaiweka chini mara ya tatu.

"Mwalimu, weye unakauka," alisema. "Mbele nilizani unawaza muchumba. Lakini muchumba haikohozake mutu vile. Kesho tunaenda kwa santre."

Santre ni kituo cha afya. Mbele kulikuwa na baraza yenye mabenchi ya wajawazito na watoto wenye homa. Wenye kifua tulipelekwa nyuma ya jengo, kwenye benchi moja lililokaa nje, chini ya mpera, ili upepo upite. Kila aliyekwenda chooni alitupita, kwa hiyo benchi lile lilimtangaza mtu kabla ya majibu. Nilimwona mwanamke niliyemfundisha kuandika jina lake akipita na mwanawe, akanitazama, akageuza uso. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nimekaa ncha ya benchi, mbali iwezekanavyo na mzee mwembamba aliyekaa ncha nyingine.

Walinipa kikopo chenye kifuniko nitemee makohozi. Asubuhi iliyofuata nililazimika kuleta kingine kutoka nyumbani. Nilikifunga ndani ya kitambaa cha kichwa na kukibeba njia nzima kama mtu anayepeleka zawadi. Baadaye tulingoja. Kungoja kule nakukumbuka kuliko maumivu yenyewe: mapera mabichi yakianguka juu ya bati, mtu akikohoa, na sisi wote tukisikiliza kikohozi chake na kukilinganisha na chetu.

Muuguzi mkuu wa kituo aliitwa Dezire. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyasema akiwa amesimama karibu, hakurudi nyuma.

"Bon. Mwalimu, tumeona mikrobe. Iko kifua kikuu. Usilie kwanza, unisikilize. Dawa iko, iko bure, na mutu anaponaka. Lakini iko miezi sita, kila siku, ata siku unajisikia muzima kabisa. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote zaidi ya neno kifua.

"Unalalaka na nani?"

"Na Koko."

"Ule Koko, anakohoaka?"

Hapo ndipo swali langu lilipojibiwa, ingawa nilichukua muda kulikubali jibu.

Jioni ile tuliketi sebuleni. Dezire alikuwa ametuagiza wote twende kupimwa. Papa Berocan alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, hakuwa hata ameoga. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia mtoto aliyekuwa anatambaa kati ya viti.

"Mi sikufukuze, mwalimu," alisema. "Mungu iko shahidi. Lakini mutoto yangu iko ndani ya hii nyumba. Kanisa yenu iko na nyumba ya wageni kule mujini. Uende kule kwanza, ukipona urudi."

"Na kule nani atamupikia?" Mama Berocan aliuliza.

"Watatafuta mutu."

"Watatafuta mutu." Alimwinua Berocan na kumfunga mgongoni, akaikaza kanga. "Alikuja kwetu muzima. Unakumbuka vile alikuwa munene? Kama amegonjwa, amegonjwea hapa. Sasa tumutupe?"

Koko alikuwa amekaa karibu na mlango, anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua, akakohoa mara moja na kufunika mdomo kwa kiganja.

Papa Berocan hakusema tena habari ya kuhama. Kesho yake alirudi mapema kutoka karakana na patasi, nyundo na fremu mpya ya dirisha. Alitoboa ukuta wa matofali ya udongo upande wa mashariki, akaiweka fremu, akaziba kwa udongo. Kisha alilitanua lile dirisha la zamani. Chumba kilijaa mwanga ambao sikuwahi kuuona mle. Alikusanya vyombo vyake na kutoka.

Vipimo vya Papa na Mama Berocan vilikuwa safi. Berocan alipowekwa kwenye mzani, Dezire alimpima mara ya pili, akauliza maswali kuhusu kula na homa za jioni, kisha akasema mtoto hajaongezeka kwa miezi kadhaa. Watoto wadogo hawawezi kutema makohozi, kwa hiyo walimpeleka hospitali kubwa kupigwa picha ya kifua. Alirudi na vidonge vya kuyeyushwa kwenye maji. Naye alikuwa na kifua kikuu.

Siku hiyo Mama Berocan alilia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alilia amesimama, huku akisonga ugali.

Koko alikuwa amekataa kwenda. Alisema yeye ana moshi, moshi haupimwi. Baada ya habari ya mtoto, Papa Berocan alimpandisha kwenye pikipiki ya rafiki yake bila kumuuliza, akamleta kituoni mwenyewe. Majibu yalipotoka, hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza kilikuja baadaye kidogo, pale benchi la nyuma, Dezire alipommiminia vidonge kiganjani. Mimi na Mama Berocan tulikuwa tumesimama hapo. Koko aliviangalia, akavisukuma kwa kidole, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii njo ile," yaani ndiyo ile.

"Ile gani, Koko?" Dezire aliuliza.

Alifunga kiganja. Niliona kwamba angependa kulirudisha neno lile kinywani.

"Ile gani? Umeshaka kumeza hii dawa?"

"Kule Mahagi," alisema Koko. "Kidogo. Nikaacha."

Dezire alishusha pumzi. Alimweleza kwamba mtu aliyeanza na kuacha lazima makohozi yake yapelekwe kwenye mashine ya hospitali kubwa, waone kama dawa bado inamfaa. Koko aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Berocan. Alimfungua mtoto mgongoni, akamhamishia kifuani, akaondoka peke yake kwa miguu.

Tangu siku hiyo Koko hakumgusa Berocan. Mama Berocan hakugombana naye. Alimpikia, alimfulia, alimwekea chakula kwa heshima ileile ya mama mkwe, akipiga goti kidogo alipompa sahani. Lakini mtoto alipotambaa kuelekea kwa bibi yake, aliinuka popote alipokuwa na kumchukua. Alifanya hivyo bila hasira usoni, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuitazama.

Na mimi nilikuwa na hasira, tena nyingi. Koko alijua. Alilala umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu, dirisha limefungwa, na alijua. Nilihamishia godoro langu sebuleni. Nilijaribu kuomba, na sala zangu zote ziligeuka mashtaka. Mchungaji wetu alipopiga simu kutoka nyumbani na kusema nirudi nikatibiwe karibu na mama yangu, nilikubali mara moja. Dezire alishauri nisubiri kwanza, nimalize awamu ya mwanzo, ile ya vidonge vingi, ndipo nisafiri na karatasi za rufaa. Kwa hiyo nilikaa nikingojea kuondoka.

Mvua zilikuwa zimerudi na watu walikuwa wanapanda mahindi. Kila asubuhi, kabla ya kula, mimi na Koko tulikwenda kituoni kumeza dawa mbele ya muuguzi. Njia ilikuwa moja, na yeye hakuwa na nguvu za kutembea peke yake kwenye utelezi, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Nilimpa mkono penye mfereji na kuuachia tulipovuka. Mashine ilikuwa imesema dawa zinamfaa, zilezile zangu.

Kwenye benchi alikuwa na desturi moja. Alishika vidonge vyake na kungoja mpaka mimi nimeze vyangu. Hata nikichelewa nikiongea na mtu, alingoja. Nilidhani ni adabu.

Yaliyonipata mwilini nayasema ili yasikushtue. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa tangu siku za mwanzo, na hata machozi yanaweza kuacha doa kwenye leso. Si damu. Viungo viliniuma, magoti hasa, nikawa nashuka ngazi mbili za kanisa kama bibi harusi. Vidole vya miguu vilikufa ganzi mpaka Dezire aliponiongezea kidonge kidogo. Lakini kikohozi kilipungua, jasho likakauka, na siku moja nilimaliza sahani ya sombe, yaani kisamvu, na samaki, nikatazama kama kimebaki kingine sufuriani. Mama Berocan alinipakulia bila kuuliza. Wanafunzi wangu nao walikuja nyumbani, wachache. Waliketi uwanjani, mimi barazani, tukasoma kwa kupaziana sauti. Mmoja wao, yule aliyegeuza uso pale kituoni, aliniletea mayai ndani ya majani makavu ya ndizi. Alisema kuku wake anataga kupita kiasi.

Awamu ya kwanza ilipokaribia kuisha, nilianza kutapika. Nilidhani ni chakula. Asubuhi moja Mama Berocan alinishika kidevu na kuniinulia uso kwenye mwanga.

"Macho yako iko ya njano," alisema.

Dezire alinitazama na kusema ini limechoka. Alinisimamishia dawa zote. Alisema hutokea kwa baadhi ya watu, kwamba nipumzike, na macho yakisafika tutaanza tena, dawa moja kwanza, kisha nyingine. Alinieleza ishara za hatari na kuniamuru nirudi mara moja nikiziona. Nilirudi nyumbani na kulala. Nilikuwa mchovu kiasi kwamba sikuogopa.

Kesho yake Koko hakwenda kituoni. Wala siku iliyofuata. Papa Berocan alimsihi, kisha akampigia kelele, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimfanyia mama yake. Koko aliendelea kuketi barazani. Mchana, nyumba ilipobaki na sisi wawili, nilitoka na kanga yangu nikaketi naye barazani.

"Koko, kwa nini huendi?"

Aliniangalia macho kwa muda mrefu.

"Muzee yangu alianza vile vile," alisema. "Tuligonjwa siye wawili. Tulianza dawa siku moja. Yeye macho ikageuka njano, akatapika, akatapika. Akakufa. Mi nikasema, dawa njo imemumaliza. Zangu nikatupa mu ziwa."

"Mlimwambia daktari kuhusu macho yake?"

"Apana. Tulizani iko ugonjwa inatoka. Na hapa, kila asubui, mi nilikuwa nakuangalia weye. Nilisema, mwalimu amemeza, hajakufa. Bon, na miye nameza. Sasa macho yako iko hivi."

Mimi nilidhani nilikuwa nasindikizana na mtu aliyeniumiza. Yeye alikuwa ananitumia kama kipimo, kila siku, na kwa siku zote zile alikuwa amemeza kitu alichoamini kilimuua mumewe.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Ulipokuja hapa. Wangekupeleka."

"Wangekataa nikuje." Aligeuza uso kuelekea mashambani. "Mutoto alikuwa amezaliwa. Mi nilitaka kumuona. Nilisema, moshi, iko moshi. Ukisema sana, na weye unaamini."

Sitasema kwamba hasira iliniisha hapo. Iliendelea kuja na kuondoka kwa miezi. Lakini nilielewa jambo moja la wazi kabisa. Nikisafiri kwenda Karagwe na macho yangu ya njano, mwanamke huyu hatameza tena, na atakufa, na kabla ya kufa atakohoa mbele ya Berocan kwa muda mrefu. Jioni nilimpigia mchungaji na kumwambia ninabaki. Aliuliza kama nimeombea uamuzi ule. Nilimjibu kwamba nimeuangalia, na nimeona hakuna njia nyingine.

Niliporuhusiwa kuanza tena nilikwenda peke yangu. Nilimeza dawa ya kwanza kwa hofu, maana sasa na mimi nilikuwa na picha ya yule mzee wa Mahagi kichwani. Niliongezewa ya pili. Macho yalibaki meupe. Kisha asubuhi moja nilimkuta Koko ameketi mlangoni, amevaa viatu.

"Nionyeshe macho," alisema.

Niliinama. Alivuta chini kope yangu kwa dole gumba, jicho moja, kisha la pili, akachunguza kama mtu anayenunua samaki. Kisha akanipa mkono nimwinue.

Dezire alimgombeza kwa zile siku alizokosa na kumwongezea muda. Tangu hapo tulifanya vile kila siku: aliniangalia macho, nikameza, akameza. Na baada ya kuvuka mfereji sikuuachia tena mkono wake. Ilikuwa rahisi kuushika moja kwa moja mpaka kituoni.

Awamu ya pili vidonge ni vichache na watu huanza kuonea uvivu, kwa sababu umenenepa na hukohoi. Nami nilichoka. Mahindi yalikuwa yamevunwa na mengine kupandwa. Nilirudi darasani. Nilitoa pini kwenye sketi, kisha nikalazimika kuzipanua sketi zenyewe. Berocan aliongezeka uzito, akaota meno, akasimama akishika ukuta, halafu akatembea, na Koko aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. Dezire alikuwa amemwambia Mama Berocan zamani kwamba hakuna tena hatari.

"Mama, Koko anaweza kumukamata mutoto. Hawezi tena kumupa ugonjwa."

"Weye unajua mikrobe," Mama Berocan alimjibu kwa upole. "Miye najua mutoto yangu."

Papa Berocan hakuingilia. Nadhani alijua kwamba akimlazimisha mkewe, angempa Koko mtoto na kumnyima msamaha.

Mimi nilimaliza kwanza. Walichukua makohozi ya mwisho, wakaniita, wakaniambia nimepona. Nilisema asante na kwenda kufundisha. Sikuwa na furaha kubwa. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo na mabega bado yanadhani uko.

Koko alimaliza baadaye, mvua zikiwa bado kubwa. Nilimsindikiza kuchukua majibu. Hatukwenda kwenye benchi la nyuma. Dezire alituita ndani, akampa mkono Koko kwa mikono yake miwili na kumwambia makohozi yake hayana kitu. Koko aliuliza mara mbili. Kisha aliniomba nimtazame yeye macho, kwa mara ya kwanza. Yalikuwa meupe, yenye ukungu wa uzee pembeni.

Tulipofika nyumbani Mama Berocan alikuwa uwanjani anatwanga muhogo mkavu kwenye kinu, mtoto amening'inia kwenye sketi yake akilia apakatwe. Koko hakuenda kwenye kiti chake. Alisimama mbele ya kinu.

"Wamesema nimepona," alisema.

"Mungu asifiwe," Mama Berocan alisema, akaendelea kutwanga.

Koko hakuondoka. Mtwangio uliinuka na kushuka, mtoto akalia kwa nguvu zaidi. Mwishowe Mama Berocan aliegemeza mtwangio, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Mama," alisema. "Mi sijasahau. Mutoto angekufa. Sitasahau ile."

"Najua," alisema Koko.

"Sitasahau." Aliinama, akamng'oa Berocan kwenye sketi na kumwinua. "Lakini mikono yangu imechoka, na hii unga iko ya soko ya kesho. Kamata mutoto."

Koko alipokea. Berocan alimtazama usoni, akajinyonga kurudi kwa mama yake na kupiga kelele, kwa maana hakumjua. Alimpiga bibi yake kifuani kwa ngumi zote mbili. Mama Berocan alikwisha kugeuka, mtwangio mkononi, na hakutazama nyuma. Koko alimkaza mtoto begani, akaanza kuzunguka naye uwanja mzima, hatua ndogo ndogo, akimwimbia kitu cha kwao ambacho sikukielewa. Mtoto alilia, akalia, mpaka akachoka na kulaza kichwa.